Kutafuta nafasi ya kipande ndani ya mfuatano wa herufi

Swali la aina hii huonekana jepesi, lakini watahiniwa hupoteza alama katika kuhesabu. Chukua mfuatano "KILIMANJARO". Katika Python, amri "KILIMANJARO".find("MAN") hutoa 4, si 5, kwa sababu hesabu huanzia 0: K ni 0, I ni 1, L ni 2, I ni 3, M ni 4. Jibu ni nafasi ya herufi ya kwanza ya kipande.

Zingatia yafuatayo:

(a) Kipande kikijirudia, hutolewa nafasi ya kwanza tu. "A" hutoa 5, ingawa ipo pia nafasi ya 8.

(b) Kipande kisipopatikana, jibu ni -1. "man" hutoa -1, kwani herufi ndogo na kubwa ni tofauti.

(c) Katika Python, 0 haimaanishi "hakuna". "KILI" hutoa 0, yaani kipo mwanzoni kabisa. Hivyo, kupima kama kipande kipo, andika != -1, usiandike > 0.

(d) Pascal huhesabu kuanzia 1. Pos('MAN', 'KILIMANJARO') hutoa 5. Kipande kisipopatikana, hutoa 0.

Basi, angalia kwanza swali limetaja lugha ipi, kisha andika namba juu ya kila herufi kabla ya kujibu.