Mdondo Haujui Mpaka wa Kaya: Kwa Nini Kuku Wachanjwe Kijiji Kizima

Katika vijiji vingi nchini, kuku wa asili ni akiba iliyo karibu zaidi na kaya. Yai humpatia mtoto protini, jogoo huchinjwa afikapo mgeni, na mtetea akiuzwa hununua daftari au dawa. Hata hivyo, akiba hiyo inaweza kuteketea ndani ya siku chache pindi ugonjwa wa mdondo, unaojulikana pia kama kideri, unapoingia kijijini.

Mdondo husababishwa na virusi na hauna tiba. Dalili zake ni pamoja na kuku kuzubaa, kuhema kwa shida, kuharisha kinyesi cha kijani, kupinda shingo na kufa kwa wingi. Kinga yake kuu ni chanjo.

Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) huzalisha chanjo ya I-2, inayostahimili joto na hivyo kufaa maeneo yenye uhaba wa majokofu. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hudondoshewa tone moja jichoni, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kwa kuwa kinga huchukua takribani wiki 2 kujengeka, kuku wachanjwe mapema wakiwa na afya njema. Chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Akifa baada ya kuchanjwa, baadhi ya wafugaji hudhani ameuawa na chanjo.

Kuku wa asili hujitafutia chakula wakichangamana na wa jirani, hivyo kaya moja isiyochanja huacha mlango wazi kwa ugonjwa. Aidha, chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishafunguliwa haihifadhiki kwa muda mrefu. Kaya zikichangia gharama na kupanga siku moja ya chanjo, alfajiri kuku wakiwa bado bandani, kila mfugaji hulipa kidogo.

Mfugaji anayeona kuku wake wameanza kuugua hushawishika kuwapeleka gulioni ili aokoe chochote. Fedha hiyo kidogo huhamishia msiba katika vijiji vingine. Kuku wagonjwa wasiuzwe, mizoga ifukiwe au ichomwe, na kuku wapya watengwe kwanza.

Wananchi wanashauriwa kupanga ratiba ya chanjo kupitia mikutano ya vijiji na kuwasiliana na Afisa Mifugo wa kata mara waonapo dalili za ugonjwa.