Ususi wa Ukindu: Kazi ya Mikono Inayohitaji Kipimo

Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki na visiwa vyake, kikapu, mkeka, jamvi na kawa ni vyombo vilivyozoeleka mno hata watu wengi hawavitazami tena. Aghalabu ususi huhesabiwa kuwa kazi ya kupitishia wakati, ifanywayo barazani baada ya shughuli nyingine kwisha. Lakini kijana atakaye kuufanya ususi uwe kazi yake ya kumpatia riziki hukabiliwa na maswali ambayo ufundi wa mikono peke yake hauwezi kuyajibu. Je, ukindu utapatikana miaka kumi ijayo? Je, rangi itadumu? Na je, bei ya kikapu hulipa jasho lililokitengeneza?

Mmea na Mipaka Yake

Mkindu, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata, hustawi hasa kandokando ya mito na mahali penye unyevu. Wasusi hupendelea makuti machanga ambayo hayajafunguka, kwa kuwa ni laini na meupe. Makuti hayo huchanwa, huanikwa juani, kisha husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu ambao hushonwa mzunguko juu ya mzunguko hadi chombo kikamilike.

Kila shina la mkindu lina ncha moja tu ya kukulia, nayo iko kileleni. Ncha hiyo ikikatwa, shina lile hufa. Mkindu huota kwa vichaka vyenye mashina kadhaa, na kwa hiyo huweza kustahimili kosa la mvunaji mmoja. Lakini kuti ndilo litengenezalo chakula cha mmea. Kuti likivunwa kila linapochomoza, mmea hudhoofika hata kama hakuna aliyegusa kilele chake. Waama, bandu bandu huisha gogo.

Hatari hii si ya kubuniwa. Kaskazini-magharibi ya Botswana, biashara ya vikapu vya mkoma ilikua upesi tangu miaka ya 1970. Mwaka 1987 watafiti A. B. Cunningham na S. J. Milton walichapisha uchunguzi wao kuhusu athari za biashara hiyo. Walionyesha kwamba uvunaji uliathiri mikoma yenyewe na pia miti itoayo rangi, ukiwamo mmoja wa jamii ya mdaa. Soko zuri lilikuwa limeanza kula mtaji wake. Ndiyo sababu msusi wa kisasa hana budi kuhesabu vichaka vyake, kuvuna kwa zamu, kuacha makuti ya kutosha katika kila shina na kupanda miche mipya.

Rangi Ishikayo na Rangi Ikimbiayo

Manjano, mzingefuri, mdaa na magome ya mkandaa ni asili za rangi zilizojulikana tangu kale. Hata hivyo, rangi hizi hazina nguvu sawa. Manjano hupendeza sana siku ya kwanza, lakini hufifia upesi juani. Tena, ikiguswa na maji ya sabuni hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia, kwa sababu sabuni ina tabia ya alkali. Mnunuzi aoshaye kikapu cha namna hiyo huweza kudhani kwamba amedanganywa.

Ili rangi ishike, nyuzi hutayarishwa kwanza. Magome ya mkandaa yana tanini, nayo hushikamana na nyuzi za mmea. Zikichovywa baadaye katika maji ya shabu, rangi nyingi hushika vizuri zaidi. Tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi, na ndiyo sababu tope lenye madini ya chuma hutumika kutia weusi katika nchi mbalimbali.

Jambo hili laweza kupimwa darasani bila ya gharama kubwa. Wanafunzi watie rangi vipande kadhaa vya ukindu, vingine kwa shabu na vingine bila ya shabu. Kisha wafunike nusu ya kila kipande kwa karatasi nzito na kuviweka vyote juani kwa majuma mawili. Tofauti kati ya nusu mbili itaonyesha ni rangi ipi ifaayo kuuzwa.

Hesabu ya Kikapu

Msusi aliyeagizwa vikapu ishirini vya kipimo kimoja hawezi kutegemea jicho peke yake. Tuchukue kikapu chenye kitako cha duara na ubavu uliosimama wima. Nusukipenyo cha kitako ni sentimita 15, kimo ni sentimita 30, na ukili una upana wa sentimita 3. Eneo la kitako na la ubavu likigawanywa kwa upana wa ukili, hupatikana urefu wa karibu mita 11.8, bila ya kuhesabu sehemu za mshono zinazopandana.

Nusukipenyo kikiongezwa hadi sentimita 20, kimo kikibaki kilekile, ukili unaohitajika hufikia karibu mita 16.8. Hilo ni ongezeko la asilimia 42 hivi. Msusi aongezaye bei kidogo tu kwa sababu kikapu "kimezidi kidogo" hujipunja mwenyewe, kwani saa za kusuka huongezeka pamoja na urefu wa ukili. Yafaa basi aandike katika daftari lake muda utumikao kwa kila mita, gharama ya rangi, na vikapu vilivyoharibika kwa ukungu kwa kufungwa kabla ya kukauka.

Nchini Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoundwa mwaka 1973, huwahudumia wazalishaji wadogo kwa mafunzo na ushauri. Lakini msingi waweza kuwekwa shuleni, ambako bayolojia, kemia na hisabati hufundishwa kila siku, na nyumbani, ambako bibi angali ajua kuuchagua ukindu ulio mwema. Mwanafunzi akiyakutanisha maarifa haya mawili, kikapu kitaweza kumlisha msusi wake bila ya kuumaliza mkindu.