Usiwatilie samaki barafu: Kosa langu la Februari Lavington

SAA nane na nusu mchana, Jumamosi moja ya Februari. Niliingia kwa keja nikitoka kununua unga, nikapata samaki wanne wa dhahabu wamejipanga juu ya maji, midomo nje, wakimeza hewa kama abiria wa matatu iliyokwama kwenye msongamano madirisha yakiwa yamefungwa. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kilisema nyuzi 31.

Samaki hawakuwa wangu. Ni wa rafiki yangu niliyekuwa nikiishi naye, ambaye alipata kazi ya ulinzi Doha. Usiku wa kuondoka alizima taa ya tangi akaniambia, "Bro, hawa ni watu wangu. Nichungie." Kila Jumapili yeye hupiga simu ya video, na kabla ya salamu kuisha anauliza, "Wako wapi? Nionyeshe."

Najua ukisikia Lavington unawaza mageti makubwa na watu wenye vidimbwi vya kuogelea. Mimi naishi SQ, yaani kile chumba cha nyuma kilichojengewa mfanyakazi na ambacho siku hizi kinapangishwa kwa vijana kama sisi. Paa ni la mabati. Dirisha ni moja na linatazama magharibi. Zamani ng'ambo ya ua kulikuwa na miti mirefu iliyotuzibia jua, lakini ploti hiyo iliuzwa, miti ikakatwa, na sasa kuna shimo linalosubiri ghorofa. Kwa hivyo kuanzia saa nane jua linapiga tangi moja kwa moja mpaka magharibi. Miezi mizima nilikuwa nalaumu hilo jua kwa kuniharibia usingizi wa mchana. Samaki sikuwafikiria hata kidogo.

Nilichofanya siku hiyo ndicho kilichonifanya niandike haya. Nilikimbia nyumba kubwa kwa shosho mwenye nyumba, nikamwomba barafu. Yeye hugandisha maji ya mfereji kwenye ndoo za aiskrimu ili stima ikipotea friji isipate joto haraka. Akanipa ndoo mbili. Nikavunjavunja kwa mchi, nikamwaga yote ndani ya tangi. Nilijiona daktari.

Ndani ya nusu saa kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi 24. Samaki wakaacha kumeza hewa. Nikafurahi. Kisha mmoja akalala ubavu, mwingine akaanza kuogelea akizunguka kama mlevi. Kufikia saa mbili usiku wawili walikuwa wamekufa. Niliwafukia chini ya mparachichi wa shosho, nikiwa na tochi ya simu mdomoni.

Nyuzi saba kwa nusu saa. Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake unafuata maji. Ukiyabadilisha maji hivyo, moyo, mapezi na kila kitu ndani yake vinapigwa kumbo kwa mkupuo. Halafu barafu yenyewe ilikuwa maji ya mfereji yenye klorini, dawa ambayo haina neno kwa chai yako ila inachoma matamvua ya samaki, yaani pale anapopumulia. Mimi nilileta balaa zote mbili kwa ndoo moja. Samahani, ndoo mbili.

Wiki iliyofuata nililala kwenye simu nikisoma. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite mtaalamu, lakini mambo yenyewe ni fizikia ya sekondari. Tatizo la samaki wangu halikuwa joto lenyewe kwanza. Lilikuwa pumzi. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo, na papo hapo mwili wa samaki unaharakisha kazi na kudai oksijeni zaidi. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, ukiwa usawa wa bahari, inaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 inabeba kama 7.5.

Sasa sikia la Nairobi. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi. Kanieneo ya hewa yetu ni pungufu kwa karibu asilimia 18, na oksijeni inayoingia majini inapungua vivyo hivyo. Piga hesabu: maji ya nyuzi 20 hapa Lavington yana oksijeni sawa na maji ya nyuzi 30 kule Mombasa. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu. Maana yake ni kwamba samaki wangu, hata siku ya baridi, anaishi kama yuko Mombasa wakati wa kiangazi. Likipanda joto, hana akiba. Maandishi mengi ya kufuga samaki yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na wakisema nyuzi 28 si mbaya sana, wanasema wakiwa kwao.

Na samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina, amezoea maji baridi. Nyuzi 18 hadi 22 ndiyo raha yake. Kuna samaki wa Kenya ambaye angenicheka: yule ngege mdogo wa Ziwa Magadi, si mbali na hapa, kusini magharibi mwa jiji, anaishi kwenye maji ya magadi yanayopita nyuzi 40. Lakini huyo ni chuma. Wangu walikuwa watoto wa mjini.

Suluhisho sikulipata kwa simu. Lilitoka kwa shosho. Alikuja kuuliza barafu yake ilisaidia vipi, nikamwambia ukweli. Akatazama tangi, akatazama kile kifuniko cha kioo juu yake, akasema, "Kijana wangu, kwani kwenu hamkuwa na mtungi?"

"Tulikuwa nao, shosho."

"Uliuweka wapi?"

Kwa mlango, penye upepo. Kila mtu aliyewahi kwenda ocha anajua. Maji ya mtungi hupoa bila stima kwa sababu udongo unavuja jasho, jasho linakauka, na likikauka linaondoka na joto. Tangi langu lilikuwa mtungi uliozibwa. Kioo pande zote, kioo juu, na hakuna upepo. Nikatoa kifuniko siku hiyo hiyo nikafunga kipande cha neti, kwa sababu samaki huruka, usicheze.

Kesho yake nikashuka tao, Luthuli, kwa wale wasee wa vipuri vya kompyuta. Nilinunua feni mbili ndogo zilizotolewa kwa kompyuta kuukuu, za volti 12, jumla soo tatu. Adapta nilikuwa nayo, ya ruta iliyokufa. Fundi aliniungia waya bure baada ya kunicheka vya kutosha. "Ati feni ya samaki? Mimi mwenyewe sina." Nikazifunga ukingoni mwa tangi, juu kabisa, zikipuliza maji kwa mshazari. Zisipulize kioo. Zipulize uso wa maji.

Nilishangaa. Alasiri ya kwanza tangi liliishia 27 badala ya 31. Hesabu yake ni hivi: tangi langu lina lita 45. Ili zishuke nyuzi moja, yanatosha kukauka maji mililita 80 hivi, chini ya nusu kikombe cha chai. Bila shaka jua nalo linarudisha joto upande wa pili, kwa hivyo ni mashindano, ila feni inashinda. Februari ya Nairobi ni kavu, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika, na hiyo ndiyo bahati yetu. Binamu yangu Mombasa alijaribu akapata nyuzi moja na kitu tu, kwa sababu hewa ya pwani tayari imejaa unyevu na haina kiu. Wao wana oksijeni, sisi tuna ukavu.

Hizo 27 bado zilikuwa juu kwa samaki wa dhahabu. Nikalihamisha tangi hadi ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Kazi yake si mchezo: punguza maji hadi robo, usiinue likiwa limejaa, kioo kitapasuka na wewe utaumia mgongo. Nikanyoosha leso nzito dirishani kuanzia saa saba. Taa ya tangi nikaihamishia usiku, saa mbili tu. Nikaondoa dekoda iliyokuwa imekaa chini yake ikitoa joto mchana kutwa kama jiko. Tangu hapo kipimajoto kinacheza kati ya 22 na 25, na usiku nafungua dirisha, kwa sababu usiku wa Nairobi wenyewe ni friji ya bure.

Siku ya joto kali bado natumia barafu, ila sasa imo ndani ya chupa. Chupa ya nusu lita iliyoganda, kifuniko kimefungwa, naielesha juu ya maji. Kwa tangi langu inashusha nyuzi moja na ushei, polepole, na maji yake hayachanganyiki na ya samaki. Ikiyeyuka narudisha kwa friji ya shosho. Ukiwa na bakuli la lita kumi na tano, chupa hiyo hiyo itashusha zaidi ya nyuzi tatu, kwa hivyo tumia ndogo zaidi. Kasi yangu ya mwisho ni nyuzi moja kwa saa.

Ukiwakuta wako wamejipanga juu kama wangu, usianze na baridi. Anza na pumzi. Washa pampu ya hewa, au chota maji ya tangi kwa kikombe uyamwage kutoka juu, tena na tena, yapige povu. Stima ikipotea ndiyo njia pekee na inachosha mkono, lakini inafanya kazi. Chakula acha siku hiyo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na joto huifanya iwe sumu kali zaidi.

Feni ina gharama moja: maji yanapungua kila siku, na mimi hujaza karibu nusu lita. Yanayoondoka ni maji matupu, chumvi zote zinabaki. Ukijazia maji ya kisima kirefu, ambayo ndiyo yanayotumika kwa ploti nyingi huku na mengi yana floridi na madini tele, tangi linazidi kuwa zito mwezi hadi mwezi. Mimi nakinga ya mvua, nikiacha ile ya kwanza inayoosha mabati ipite. Isiponyesha natumia ya mfereji niliyotibu kwa matone ya kuondoa klorini, yanauzwa kwa maduka ya samaki.

Sasa, rafiki yangu. Jumapili tatu nilimdanganya. Nilishika simu karibu sana na kioo, nikawafuata wale wawili huku na kule ili waonekane wengi. Jumapili ya nne akasema, "Yule wa mkia mweupe simwoni." Nikamwambia yote, barafu, mchi, mparachichi. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kumbe Doha Februari kuna baridi kuliko kwetu. Alikuwa amevaa jaketi.

"Ungeniambia siku hiyo," akasema. Halafu, "Hiyo kelele ni ya nini?"

Nikageuza simu akaona feni. Akataka nisogeze karibu zaidi, aone waya zimefungwaje, kama zinaweza kuanguka majini. Akaniambia nizibane na kamba ya pili. Nilizibana usiku huo.