Afisa wa Watoto Akibisha Hodi Kambini

Wasomaji wetu wengi wanazijua Kericho na Bomet kwa majani chai tu. Lakini wapo binti zetu walioolewa huko, na wapo akina mama wa Kiislamu wanaochuma chai katika mashamba makubwa. Na ndoa huvunjika kule kama zinavyovunjika huku Pwani. Kinachowatisha akina mama hao mara nyingi si hakimu, bali ni mtu anayebisha hodi na faili mkononi: afisa wa watoto aliyetumwa na mahakama.

Mvutano wa malezi ukikaza, hakimu humtaka afisa huyo achunguze hali ya mtoto na kuandika ripoti. Pengine huagiza mwanasaikolojia naye amwone mtoto. Mizani ni maslahi ya mtoto, ambayo kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kimeyatanguliza, kikiwabebesha baba na mama jukumu sawa. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inataka mtoto asikilizwe kwa kadiri ya umri na ufahamu wake.

Tumeulizwa: je, yafaa siri za nyumba zetu zitazamwe na mgeni? Dini yetu haikumkataa mjuzi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifurahi pale Mujazziz al-Mudliji, bingwa wa kutambua nasaba, alipotazama nyayo za Zayd na mwanawe Usama akathibitisha kuwa ni damu moja. Wanazuoni wa Kishafii wamelitegemea tukio hilo katika kuikubali kauli ya mjuzi. Na mtoto aliyefikia umri wa kupambanua, kiasi cha miaka 7, katika madhehebu yetu hukhiyarishwa baina ya wazazi wake.

Uzito uko kwenye nyumba. Katika mashamba ya chai, nyumba ya kambi ni ya kampuni na huifuata kazi. Mama akiachishwa kazi, chumba nacho kimekwenda. Afisa akifika saa nne asubuhi, mama yumo shambani na kikapu mgongoni, mtoto yuko kwa jirani. Ataandika alichokiona. Baba mwenye kipande cha ardhi kwa wazee wake ataonekana ndiye mwenye makazi imara, hata kama mtoto hajawahi kulala kwake usiku mmoja. Kwa maoni yetu, ziara moja haitoshi kumjua mtoto, na maafisa wenyewe ni wachache mno kwa kazi waliyotwikwa.

Ndiyo maana tunawausia dada zetu: ripoti si hukumu. Omba nakala yake, isome na wakili au mtu unayemwamini, na palipokosewa mweleze hakimu kabla hajaamua. Kadi ya kliniki, risiti za karo na jina la jirani anayemlea mtoto ukiwa kazini viwe tayari.

Jambo moja linatuuma zaidi. Wapo wazazi, wa kike na wa kiume, wanaomfundisha mtoto uongo wa kumwambia afisa. Mtoto wa miaka 6 anakariri kwamba babake ni mlevi kama anavyokariri Alhamdu. Huo ni ushahidi wa uongo uliotiwa kinywani mwa asiye na dhambi, na maafisa wazoefu huutambua upesi.

Mwalimu wa madrasa naye anaweza kuulizwa. Mpe afisa jina lake mapema, na umwombe aje siku ambayo huendi shambani.