Kero za Milima ya Ngong: kinachochosha ni kukosa la kufanya

Matembezi ya kupumzisha akili yana msongo wake. Mkazi wa Kitengela anayekwenda Milima ya Ngong, kaunti ileile ya Kajiado, huanza na foleni ya magari, kisha upepo ulioivuta kampuni ya KenGen kusimika mitambo ya umeme huko, halafu spika ya wenzake wasiojali. Kileleni, karibu mita 2,460, wengine hufika wamenuna.

Mwaka 1984 wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walizigawa njia za kukabiliana na msongo katika makundi mawili: kushughulikia chanzo na kutuliza hisia. Wapandaji milima hutumia zote. Wapo wanaohamishia matembezi Magadi au Olorgesailie, wapo wanaojiambia, "Tushafika, tuvumilie."

Lakini siri kubwa iko kwenye uwezo wa kuamua. Katika kitabu chao cha 1972, wanasaikolojia David Glass na Jerome Singer walieleza jinsi walivyowapigia watu kelele kali zisizotabirika. Baadhi walionyeshwa kitufe cha kuzizima, wakaombwa wasikibonyeze ila wakizidiwa. Wengi hawakukigusa kabisa, kwa hiyo kelele waliyoisikia ilikuwa sawa na ya wenzao. Hata hivyo, ilipokoma, wenye kitufe waling'ang'ana na mafumbo yasiyo na jibu kwa muda mrefu zaidi, na walipopewa maandishi kuhariri walinasa makosa mengi zaidi. Kujua tu kwamba kelele inazimika kuliwapunguzia uchovu. Ndiyo maana spika ileile humkera kidogo anayejua njia nyingine ya kushukia, na kumwacha hoi aliyefungwa na matatu ya kukodi hadi jioni.

Uzushi usiokoma ni kwamba hasira sharti itolewe kwa kupiga mayowe mlimani. Mwanasaikolojia Brad Bushman alilipima wazo hilo la kutoa hasira mwaka 2002: waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi waliibuka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya. Nao wachuuzi wa "dawa ya stres", chupa isiyotaja hata kilichomo, wanauza maji machungu kwa bei ya ulaghai.

Basi: ondokeni alfajiri, ikiwezekana siku ya kazi, kubalianeni saa ya kurudi kabla ya kupanda gari, mwenye spika aombwe kwa heshima. Anayekosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, mlima hautamtosha. Amwone daktari.