Je, Wajua? Fagio Ukutani, Jiki Juu: Vifaa vya Usafi Katika Fleti Ndogo

Chumba, sebule, jiko la kujibana na choo cha ndani: hayo ndiyo makazi ya familia nyingi Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Humo humo lazima vipate pa kukaa fagio, dekio, ndoo, jiki, dawa ya choo, sabuni ya unga, brashi na matambara. Stoo hakuna, na kila mtu analalamikia nafasi, ilhali kuta na migongo ya milango imekaa bure. Neno la safu hii leo ni moja: vifaa vikiwa vichache na kila kimoja kikiwa na mahali pake, nyumba ndogo inatosha, na mtoto anakuwa salama.

UKUTA NA MLANGO

Je, wajua kwamba mlango wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 80 una eneo la mita za mraba 1.6 kila upande? Kulabu nne nyuma ya mlango wa choo zinabeba fagio, dekio, kizoleo na mfuko wa matambara, na sakafu inabaki wazi. Kama mwenye nyumba hataki kusikia habari za misumari, zipo kulabu za kupachika juu ya mlango zisizohitaji kutoboa kitu.

Je, wajua kwamba fagio huharibika pia kwa kusimamishwa vibaya, si kwa kufagia tu? Likiegemezwa kwa nywele zake, nyuzi za plastiki hulala upande mmoja na kubaki hivyo. Fagio la chelewa nalo likikaa kwenye sakafu yenye maji huota ukungu kwenye ncha na kuanza kukatika. Tundika yote, ncha zikiwa hewani.

Je, wajua kwamba Shakers, jamii ya Wakristo wa Marekani iliyoshamiri katika karne ya 19, walizungushia kuta za vyumba vyao mbao zenye vigingi? Walitundika mafagio, kofia na hata viti, ili sakafu yote ifagiwe bila kuhamisha kitu.

Je, wajua kwamba mpishi maarufu wa Marekani, Julia Child, alikuwa na ubao wa matundu ukutani ambao mume wake, Paul, aliuchora umbo la kila sufuria mahali pake? Jiko lake sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Fanya vivyo hivyo kwa brashi na kizoleo: chora umbo lake ukutani au nyuma ya mlango wa kabati kwa kalamu ya wino mzito. Dada wa kazi, mtoto na shangazi aliyekuja kusalimia, wote watajua kitu kinarudi wapi bila kuuliza.

Je, wajua kwamba chupa za kupulizia hazihitaji rafu? Kaza fimbo ya pazia ndani ya kabati, kutoka ubavu hadi ubavu, kisha zitundike kwa vifyatulio vyake. Nafasi iliyo chini yake inabaki kwa masponji na brashi.

CHINI YA SINKI

Fungua kabati la chini ya sinki katika fleti nyingi na utakuta hali hii: mtungi wa gesi wa kilo 6, bomba la maji machafu linalodondosha tone moja moja, jiki iliyofungwa nusu, dawa ya choo imelala ubavu, mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, na pembeni yake mfuko wa viazi. Pana unyevu, pana joto la jiko, na mkono wa mtoto anayetambaa unafika bila taabu. Ni mahali pabaya kuliko pote kwa kemikali, na ndipo tunapoziweka.

Je, wajua kwamba jiki ikichanganyika na dawa ya choo yenye asidi, au hata na siki, hutoa gesi ya klorini? Ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliitumia kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ina uzito wa karibu mara mbili na nusu ya hewa, hivyo hushuka na kukaa karibu na sakafu, usawa wa pua ya mtoto. Jiki na dawa ya choo zisikae rafu moja, wala zisisafiri katika ndoo moja. Ukisikia harufu kali ya kukaba, toa watu nje kwanza na ufungue madirisha.

Je, wajua kwamba jiki huisha nguvu hata ikiwa haijafunguliwa? Joto na mwanga huivunja kidogo kidogo, ndiyo maana huuzwa kwenye chupa zisizopitisha mwanga. Katika joto la Dar es Salaam, dumu la lita 5 linalokaa mwaka mzima kando ya jiko linaishia kuwa maji yenye harufu. Nunua chupa ndogo. Na ile uliyokwisha changanya na maji, itumie ndani ya saa 24. Kesho changanya nyingine.

Je, wajua kwamba mvuke wa jiki hula chuma? Ukiona visu, bisibisi au mdomo wa mtungi wa gesi vinashika kutu haraka, tazama jirani yake ni nani. Spiriti na mafuta ya taa navyo havina ujirani mwema na jiko, kwa kuwa mvuke wake hushika moto.

Je, wajua kwamba kostiki, ile soda kali ya kuzibulia mabomba na kutengenezea sabuni, hunyonya unyevu wa hewani na kuchemka inapokutana na maji? Iweke kwenye chombo kikavu cha plastiki kigumu, kifunike barabara. Usiweke kwenye chombo cha alumini, kwani itakitoboa huku ikitoa gesi inayowaka. Wakati wa kuitumia, soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye soda.

Je, wajua kwamba siki na bekingi soda vikichanganywa na kuhifadhiwa kwenye chupa iliyofungwa vinaweza kuipasua? Gesi ya kaboni dayoksaidi hujaa humo haraka. Povu likishatulia, kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo tu, kisichosafisha kuliko siki peke yake. Weka kila kimoja kivyake.

CHUPA NA WATOTO

Je, wajua kwamba chupa ya soda ni hatari kubwa kuliko kabati lisilofungwa? Mitaani tunauziwa mafuta ya taa na sabuni ya maji ya kupima ndani ya chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto haoni mafuta, anaona soda. Mafuta ya taa yakinywewa, hatari kubwa ni kuingia kwenye mapafu, kwa hiyo mtoto asitapishwe. Kostiki na jiki nazo huunguza koo mara ya pili zikirudi juu. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Je, wajua kwamba kifuniko cha kusukuma chini kabla ya kuzungusha kilibuniwa mwaka 1967 na daktari wa watoto, Henri Breault, wa Windsor nchini Kanada? Alichoshwa na kutibu watoto waliokunywa dawa na sumu za nyumbani. Hata hivyo kifuniko hicho humchelewesha mtoto tu, hakimzuii kabisa. Dawa kali zikae juu kuliko kichwa cha mtu mzima, na mlango uwe na komeo.

Je, wajua kwamba denatoniamu, iliyogunduliwa Scotland mwaka 1958, huhesabiwa kuwa kitu kichungu kuliko vyote vinavyojulikana? Baadhi ya viwanda huitia kwenye dawa za kusafishia ili mtoto ateme tone la kwanza. Sabuni ya kupima mtaani haina uhakika huo.

Je, wajua maana ya ule mchoro wa mkono unaoliwa na matone, ndani ya alama yenye kingo nyekundu? Ni ishara ya Umoja wa Mataifa ya kitu kinachounguza ngozi na kula chuma. Chupa yenye ishara hiyo isihamishiwe chupa nyingine, na lebo yake isibanduliwe.

VINAVYOLOWA

Je, wajua kwamba mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichunguza masponji 14 yaliyotumika jikoni wakakuta aina 362 za bakteria? Sponji likikaa ndani ya beseni lenye maji, bakteria hustarehe. Likamue, ulisimamishe penye hewa, na ulibadilishe mara kwa mara.

Je, wajua kwamba mayai ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hubaki hai miezi kadhaa yakiwa yamegandia kwenye ukuta mkavu wa ndoo? Dar es Salaam ilikumbwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kumwaga maji peke yake hakutoshi: sugua ndoo kwa ndani, ipindue, kisha zipachike ndoo zote moja ndani ya nyingine. Nafasi ya ndoo tatu inakuwa ya moja.

Je, wajua kwamba dekio la mpini na ndoo yake ya kukamulia vilienezwa na mhandisi Mhispania, Manuel Jalón, kuanzia mwaka 1956, ili watu waache kupiga deki wakiwa wamepiga magoti? Faida hiyo hupotea dekio likiachwa limeloa ndani ya ndoo, kwa sababu kesho yake unapaka sakafu harufu. Tundika lidondoke bafuni.

Je, wajua kwamba mche wa sabuni ukikatwa vipande na kuachwa ukauke hudumu zaidi? Vipange juu ya kabati, hewa ipite katikati. Sabuni ya unga ndiyo ya kufungiwa, maana unyevu huigandisha.

Je, wajua kwamba waya laini wa kusugulia masufuria unaweza kushika moto ukigusana na betri ya volti 9? Usiviweke droo moja.

UTARATIBU

Je, wajua kwamba jiko la Frankfurt, lililobuniwa mwaka 1926 na msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi? Lilijengwa katika nyumba zipatazo 10,000, na kila kitu kilikuwa na mahali pake. Udogo wa nyumba si sababu ya fujo.

Je, wajua kwamba hospitali za Tanzania, ya Rufaa ya Mbeya ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zilianza mwaka 2007 kupanga stoo na wodi zao kwa hatua tano kutoka Japani? Ni Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Nyumbani maana yake ni hii: toa vyote sakafuni na utupe kilichokufa, kipe kila kilichobaki mahali, futa rafu, andika lebo, kisha familia nzima ishike utaratibu huo. Utakuta chupa tatu za dawa ileile, kila moja imebaki robo. Maliza hizo kabla ya kununua nyingine.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tumezoea kufagia mitaro na barabara. Mwezi huu, kabla hujatoka na fagio, fungua kabati lako la chini ya sinki. Anza na ile chupa ya soda yenye mafuta ya taa: itoe leo, weka mafuta kwenye kidumu chenye lebo, na ukiweke juu, mbali na jiko. Mengine yanaweza kusubiri wiki ijayo, hilo haliwezi.