Maradhi ya mlimani: kwa nini mtu wa pwani apande polepole

Mtu anaposhuka feri ya Likoni upande wa kisiwani saa kumi na mbili asubuhi, huwa yuko mita chache tu juu ya maji ya bahari. Akiunganisha moja kwa moja hadi stesheni ya Miritini na kulipata gari moshi la asubuhi, atakuwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mapema alasiri. Usiku huo huo anaweza kulala Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, karibu mita 2,000. Siku ya pili atalala kwenye kituo cha Met, mita 3,050. Siku ya tatu ni kambi ya Mackinder, mita 4,200, na alfajiri ya siku ya nne atakuwa amesimama juu ya kilele cha Lenana, mita 4,985, akipigwa picha na bendera.

Vijana wengi wa mjini huichukua safari hii kuwa ya wikendi ndefu. Kwa hesabu ya likizo, hawajakosea. Kwa hesabu ya mwili wa binadamu, huo ni mwendo wa kasi mno, na ndio chanzo cha yale yanayoitwa maradhi ya mlimani. Maradhi haya huwapata wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo, na wala hayamwogopi mwenye misuli. Mtu anayekimbia kila asubuhi kutoka Mama Ngina hadi Lighthouse na kurudi hana kinga yoyote kumshinda mwenzake mwenye kitambi. Aghalabu yeye ndiye anayeugua zaidi, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu kabla mwili wake haujajitayarisha.

Hewa na abiria wa feri

Wengi hudhani kwamba juu mlimani hewa ni ya aina nyingine, au kwamba oksijeni imeondolewa ikabaki baridi tu. Sivyo. Hewa ya kileleni ni ile ile ya Feri: karibu sehemu moja katika kila sehemu tano ni oksijeni. Kinachobadilika ni wingi wake.

Tuchukue mfano wa feri yenyewe. Saa moja asubuhi sitaha imejaa watu, baiskeli na mikokoteni hata hapana pa kuweka mguu. Tuseme katika kila abiria watano, mmoja amevaa kanzu. Saa nane mchana feri ile ile inavuka ikiwa na abiria nusu ya wale wa asubuhi. Bado katika kila watano mmoja amevaa kanzu, lakini ukizihesabu kanzu zote utapata nusu tu ya zile za asubuhi. Kila pumzi unayoivuta ni safari moja ya feri. Hapa pwani hewa yote iliyo juu yetu inatukandamiza kwa uzito wake, hivyo kila safari hujaa. Kwenye kilele cha Lenana uzito huo umepungua hadi kuzidi nusu kidogo, na juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, ni karibu nusu kamili. Mapafu ni yale yale, ila kila safari huleta kanzu chache.

Mwili hujibu kwa kuongeza safari. Mtu huanza kuhema haraka hata bila kujua, na moyo hupiga mbio. Kuhema huko hubadilisha kipimo cha damu, na figo hulazimika kutoa chumvichumvi fulani kwa njia ya mkojo ili mambo yarudi sawa. Kazi hii ya figo huchukua siku kadhaa, wala haiharakishwi na ushujaa. Ndiyo maana mtu anayekojoa mara kwa mara mlimani asihangaike. Ni dalili njema. Kuongeza chembe nyekundu za damu huchukua muda mrefu zaidi, majuma kadhaa, kwa hiyo mpandaji wa siku nne asiitegemee faida hiyo.

Usiku kuna jambo jingine linalowatisha wengi hemani. Mwenzako aliyelala anaweza kunyamaza kimya, pumzi zikakatika kwa sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi kubwa kama aliyeibuka majini. Hilo ni la kawaida kwenye miinuko na peke yake si ugonjwa.

Je, ni malaria?

Dalili ya kwanza ya maradhi ya mlimani ni kichwa kuuma, kwa kawaida baada ya saa sita hadi kumi na mbili tangu kufika juu. Huandamana na kichefuchefu au kutapika, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na uchovu usiolingana na mwendo.

Msomaji wa Mombasa ameshang'amua tatizo liko wapi. Kichwa, kutapika, mwili kulegea: hapa kwetu hayo yote jina lake ni malaria. Mtu hutoa tembe mkobani, akanywa, akajifunika blanketi na kungoja apate nafuu pale pale kambini, mita 4,200. Kufikia asubuhi hali imekuwa mbaya zaidi, na bado wenzake wanangoja dawa ifanye kazi.

Maradhi ya mlimani kwa kawaida hayaleti homa kali wala kutetemeka kwa vipindi. Hata hivyo homa si kipimo cha kutegemewa, kwani mapafu yakianza kujaa maji joto la mwili linaweza kupanda kidogo. Tena inawezekana kabisa mtu akawa amebeba vijidudu vya malaria kutoka pwani vikamwamkia akiwa mlimani. Kwa hiyo wataalamu wameweka kanuni moja rahisi: mtu akiugua juu ya mlima, ahesabiwe kuwa ana maradhi ya mlimani mpaka ithibitike vingine. Ikiwa ni malaria, dawa na maabara ziko chini. Ikiwa ni mlima, dawa yake pia iko chini.

Maradhi haya yakiwa mepesi si ya kuua. Mgonjwa akibaki alipo, akapumzika, akanywa maji na tembe ya kawaida ya maumivu, mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili. Asichoruhusiwa ni kupanda tena kabla ya kupona. Kumeza tembe ili kichwa kitulie upate kuendelea kwenda juu ni kama kuikata waya ya king'ora wakati nyumba inaungua.

Yapo mawili yanayoua. La kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyoeleweka, hukasirika bila sababu au hulala usingizi asioamshika. Kumpima ni rahisi: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili. Asipoweza, msibishane naye. La pili ni mapafu kujaa maji. Huyu hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu, na mwisho hutoa makohozi ya povu lenye wekundu. Mara nyingi hili huanza usiku wa pili hadi wa nne. Si lazima litanguliwe na maumivu ya kichwa, na ndilo linalodhaniwa kuwa kikohozi cha baridi tu.

Mwenye dalili hizi hangoji kupambazuke. Ateremshwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha, mita 500 hadi 1,000 au mpaka aonyeshe nafuu, na asiteremke peke yake hata kidogo. Kama ipo oksijeni apewe. Zipo dawa za kusaidia, lakini ni za kumwezesha kushuka, si za kumbakisha juu.

Himalaya inatufundisha nini

Ushahidi mzuri kuhusu kasi ya kupanda ulitoka Nepal, kwenye njia ya mabondeni iendayo chini ya mlima Everest. Mwaka 1976 daktari Peter Hackett na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika kijiji cha Pheriche, mita 4,243, ambako waliwapima watembeaji 278. Zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya mlimani. Waliofika eneo hilo kwa ndege na kutua Lukla, mita 2,800 na zaidi, waliugua kuliko wale waliotembea kwa miguu siku nyingi kutoka mabonde ya chini. Njia ilikuwa moja na mlima ni mmoja. Tofauti ilikuwa siku.

Tangu hapo mwongozo unaofuatwa ni huu: ukishapita mita 3,000, usilale mahali palipo juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pamoja usiku mbili. Mchana waweza kupanda juu zaidi, mradi urudi kulala chini.

Sasa turudi Naro Moru. Kutoka Met hadi Mackinder ni zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja. Mlima Kenya una sifa mbaya kwa jambo hili, si kwa kuwa ni mrefu kupita mingine bali kwa kuwa barabara huufikia karibu mno na njia zake ni fupi. Kilimanjaro, ambako watu wa Mombasa huenda kupitia Taveta na Holili, nako hali ni hiyo hiyo: katika njia ya Marangu mtu hulala Mandara mita 2,700, Horombo mita 3,700, kisha Kibo mita 4,700. Waelekezi wa huko hawachoki kusema "pole pole", lakini mwendo wa pole pole mchana hausaidii sana ikiwa kitanda kinapanda mita 1,000 kila usiku. Anayeweza kulipa siku moja ya ziada ailipe, alale Horombo usiku mbili. Na kwa Mlima Kenya alale Met usiku mbili na Mackinder usiku mbili. Kwa maoni yangu, kikundi kisichoweza kugharamia siku hizo kiende mahali pengine mwaka huu.

Maana kinachowafanya watu wafe mlimani mara nyingi ni ratiba. Fedha zimelipwa, likizo inaisha Jumatatu, na hakuna anayetaka kuwa sababu ya kundi kurudi. Mgonjwa huficha kichwa chake. Wakenya walishangilia Mei 2022 James Kagambi alipokuwa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, mita 8,849, akiwa na zaidi ya miaka 60. Mei 2024 Cheruiyot Kirui, aliyekuwa akipanda mlima huo bila mtungi wa oksijeni, alifariki karibu na kilele, na mwelekezi wake Nawang Sherpa hakurudi pia. Hao walikuwa wazoefu, na urefu ule ni wa namna nyingine kabisa. Hata hivyo Lenana inatosha kumwondoa mtu duniani.

Nani asiende

Hapa pwani lipo jambo moja linalostahili kusisitizwa: siko seli. Ugonjwa huu wa kurithi ni mwingi katika sehemu zilizokuwa na malaria kwa karne nyingi, na pwani yetu ni mojawapo. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu za mgonjwa hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande mlima mrefu. Lakini wapo wengi zaidi waliorithi upande mmoja tu, ambao ni wazima na huenda hawajui. Wengi wao hupanda wakarudi salama, ila mara chache wengu, au bandama, hukosa damu huko juu, na mtu akashikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Kipimo cha damu ni kidogo na hospitali nyingi hukifanya. Kifanywe kabla ya kulipia safari, hususan kama katika ukoo kuna mtoto aliyewahi kuugua.

Wenye maradhi ya moyo au mapafu, wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa na wajawazito wamwone daktari kwanza. Daktari anaweza pia kuandika dawa iitwayo asetazolamaidi, ijulikanayo kwa jina la Diamox, ambayo huhimiza kupumua na kuharakisha kazi ile ya figo. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Huleta ganzi vidoleni na kukojoa sana, na mtu anayedhurika na dawa za salfa lazima aseme. Haiondoi haja ya kupanda polepole.

Pombe na tembe za usingizi ziachwe chini, kwa sababu hupunguza kupumua usiku. Miraa nayo, ambayo wengine huibeba wakidai inatia nguvu, huficha uchovu, huua hamu ya chakula na kumnyima mtu usingizi. Yaani huondoa dalili zile zile ambazo wenzako wanapaswa kuziona.

Aliyeugua akarejea Mombasa kwa kawaida hupona bila dawa. Lakini akiendelea kukohoa au kutweta siku mbili baada ya kurudi, aende hospitali apigwe picha ya kifua, na akipata homa apimwe malaria. Amweleze daktari kwamba alikuwa mlimani, alilala mita ngapi na alipanda kwa siku ngapi, kwani mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Feri hafikiriwi kuwa ametoka kwenye theluji.